Klachi ya Mlima wa Soni

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto haina huruma na klachi. Ni kilomita 33 hivi, lakini ukishaacha barabara kuu pale Mombo unaanza kuipanda Usambara kona baada ya kona, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, mpaka Soni, halafu juu tena. Ukikutana na basi mahali pembamba, unasimama. Na ukiwa umebeba saruji, kuondoka hapo kwenye mwinuko ndiko kunakoimaliza klachi.

Baba aliinunua Hilux yetu mwaka 1988. Ilikuwa imeingia nchini kutokana na ruhusa ya 1984, wenye fedha zao za kigeni walipokubaliwa kuagiza bidhaa. Injini yake ni ya dizeli, 2L, sentimita za ujazo 2446, haina turbo. Iliteremsha makabichi na karoti, ikapandisha mbolea, saruji na mabati.

Zama hizo pleti ya klachi haikutupwa, ilibandikwa upya. Fundi wetu wa Mombo aling'oa riveti za zamani kwa tindo, akabandua bitana iliyolika, akalaza mpya, kisha akagonga riveti moja moja na kuvizamisha vichwa vyake ili visije vikakwaruza flaiwili. Bitana nyingi za wakati ule zilikuwa na asbesto. Vumbi lake alilipuliza kwa mdomo, nasi watoto tumechutama pembeni tukitazama. Nikilikumbuka hilo, huwa naumia.

Alikuwa na kijiti cha mpera alichokichonga kwa kisu, kipimo kilekile cha shafti ya gia boksi. Pleti huwa imelegea kati ya flaiwili na presha pleti hadi bolti zikazwe. Ikikaa upande hata kidogo, gia boksi haiingii, na mtashindana nayo chini ya gari mpaka magharibi. Basi alikipitisha kijiti katikati ya pleti hadi kwenye beringi ndogo ya flaiwili, akakaza bolti kwa kupishanisha, akakichomoa. Gia boksi ikapanda ikakaa. Sijaona kazi nyingine ya mikono iliyonivutia kama ile.

Pleti za kubandika hazikudumu, kwa hiyo tulijifunza kuendesha gari lenye klachi iliyochoka. Baba hakutaka kuona mguu umepumzishwa kwenye pedali. Kwenye mwinuko gari lilishikwa kwa breki ya mkono, kamwe si kwa klachi. “Sikiliza injini, mwanangu,” alikuwa akiniambia. Klachi ikianza kuteleza, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, na dalili hiyo hujitokeza kwanza kwenye gia kubwa. Kabla ya kuondoka Mombo na mzigo aliipima: anafunga breki ya mkono, anaingiza gia ya nne, anaongeza moto kidogo na kuachia pedali. Injini ikizimika, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma, mzigo unashushwa.

Mara nyingine kilichokufa ni mpira wa silinda ya klachi, na pedali inazama bila kurudi. Hapo Baba alizima gari, akaweka gia namba moja, akapiga stata, gari likaondoka likirukaruka. Gia zilizofuata alizibadilisha kwa sikio tu.

Kisha spea za mtumba kutoka Japani zikajaa, zikafuatwa na seti mpya ndani ya maboksi: pleti, presha pleti na beringi. Sikatai, ni nafuu kubwa. Vumbi lile halipo, na kazi ya siku mbili inaisha kabla ya adhuhuri. Fundi wa Mombo aliacha kubandika kwa sababu hakukuwa tena na wa kubandikiwa. Ila pamoja na maboksi ulikuja mtindo wa kubadilisha seti nzima bila kuuliza ya zamani imeuawa na nini.

Mwaka jana seti mpya ilianza kuteleza baada ya miezi michache. Niliambiwa ni feki, ninunue nyingine. Fundi kijana wa Lushoto hakukubali haraka. Aliteremsha gia boksi, akapitisha kidole nyuma ya flaiwili, akanionyesha: “Shikamoo oili, mzee. Pleti haina kosa.” Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa inavuja na pleti ilikuwa imelowa. Alibadilisha sili, flaiwili ikapelekwa Tanga kuchongwa kwenye leti, ndipo pleti nyingine ikafungwa. Mpaka leo inashika.

Binti yangu ana leseni na anaendesha gari la otomatiki. Ananihimiza niuze Hilux. Nimemwambia asubiri kwanza ateremke nami kutoka Soni na tani ya makabichi nyuma, gia namba mbili, injini ikilizuia gari na breki zikibaki baridi hadi Mombo. Jumamosi iliyopita alikaa kwenye usukani uwanjani Magamba, akazima gari mara kadhaa, halafu akaanza kuipata ile sehemu ambapo klachi inaanza kushika. Wiki ijayo tunaanza mlima, bila mzigo.