Mashine ya Polishi na Rangi ya Motokaa

Watu wengi hudhani ya kuwa kupiga motokaa polishi ni kuongeza kitu juu ya rangi yake, kama mtu ajipakaye mafuta mwilini. Sivyo. Kazi hii ni ya kupunguza. Mkwaruzo ni kama mfereji mdogo katika rangi, na ili uondoke hapana budi kuusugua uso wote ulio kando yake mpaka ulingane na chini ya mfereji. Ndipo rangi hung'aa. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Neno letu “msasa” ni jina la mti, ambao majani yake yanakwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Jani lile halikuongeza kitu juu ya mbao, liliondoa.

Sasa tazameni jinsi akiba ya kuondoa ilivyo ndogo. Motokaa nyingi za siku hizi zina rangi ya chini ya kushika bati, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa utando usio na rangi ambao mafundi huuita klia. Klia ya kiwandani aghalabu ina unene wa mikroni 40 hadi 50, yaani haizidi sehemu moja ya ishirini ya milimita moja. Hiyo ndiyo inayoikinga rangi na jua. Ikiisha, hairudi ila kwa kupaka rangi upya.

Kaka yangu huosha magari hapa Mugango, na likizo iliyopita aliazimu kununua mashine ya polishi. Fedha zilikuwa za nyumba nzima: akiba yake pamoja na fedha za dagaa za mama. Kwa hiyo jambo hili lilijadiliwa nyumbani jioni tatu mfululizo.

Mashine zilizopo ni za namna mbili. Ya kwanza huzunguka tu, kama jiwe la kunolea, kwa mizunguko 600 hadi 3,000 hivi kwa dakika. Hukata upesi sana, na katika mkono wa fundi hodari ni chombo kizuri. Lakini nguvu yake yote hukaa mahali pamoja; ukisita kidogo rangi hupata moto, na penye ukingo wa mlango huungua mara moja. Wako na watu wafungao sponji kwenye grenda ya kukatia vyuma. Grenda ndogo hufika mizunguko 11,000 kwa dakika, basi hiyo si polishi bali ni maangamizi.

Ya pili sahani yake huzunguka na kuyumba pamoja. Msumari wa sahani haukuwekwa katikati ya mota, bali pembeni kidogo, tena sahani imeshikwa na beringi iliyo huru. Kwa hiyo sponji haipiti njia ile ile mara mbili, na moto hautulii mahali pamoja. Zaidi ya hayo, ukiikandamiza kupita kiasi, sahani huacha kuzunguka ikabaki kutetemeka tu. Kazi yake ni ya polepole, na bei yake dukani ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Kaka aliitaka ile ya bei nafuu. Mama alisikiliza maneno yetu yote, kisha akauliza, “Wanangu, ni ipi itakayomvumilia mtu ambaye bado anajifunza?” Kaka alinyamaza kidogo, akasema, “Ni hiyo ya ghali, mama.” Shauri likaisha hapo.

Zilibaki sifa tatu za kuangaliwa. Kwanza, mwendo wa kuyumba. Zipo za milimita 8, 15 na 21. Ile ya 21 humaliza boneti pana upesi, lakini penye mviringo hukwama. Kaka alichagua 15, yenye sahani ya milimita 125. Pili, umeme. Kwetu Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, lakini Japani ni volti 100 na Marekani ni 120. Mashine iliyotumika iliyotoka huko huweza kuungua siku ile ile ichomekwapo, basi somo kibandiko chake kabla ya kulipa. Tatu, sponji. Nunua kadhaa, za kukata na za kumalizia, kwani moja ikijaa uchafu haifai tena mpaka ioshwe.

Mteja wa kwanza alikuwa mama jirani yetu, mwenye Noah nyeusi ichukuayo abiria. Gari hilo ndilo shamba lake. Lilikwisha kupigwa polishi mahali pengine kwa mashine ya kuzunguka, na ukingo wa mlango mmoja ulikuwa umechomwa hata rangi ya chini ikaonekana. Kwa hiyo alikuja kwa wasiwasi.

Tuliliosha gari, tukalikausha, tukaliweka kivulini mpaka bati likapoa. Tulifunika kingo na plastiki kwa utepe wa karatasi. Kisha kaka alijaribu mahali padogo tu, kwa sponji laini na dawa isiyo kali, maana kama dawa laini yatosha, kali ya nini? Alitia matone manne, akaisambaza kwa mwendo mdogo, ndipo akaongeza. Alifanya kazi katika eneo la kama nusu mita kwa nusu mita, mkono ukienda polepole, njia moja ikifunika nusu ya nyingine, mara ya kwanza kwa urefu na mara ya pili kwa upana. Alikuwa amechora mstari wa wino pembeni mwa sahani. Mstari ukionekana umesimama, alijua amekandamiza mno.

Ile mikwaruzo kama utando wa buibui iliondoka. Lakini ubavuni palikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu, na ukucha ulikwama ndani yake. Mama yule alisema, “Mwanangu, huo ndio ulionileta. Utoe, nitakuongeza fedha.” Kaka alijibu, “Mama, huo umepita klia. Nikiufuata, nitakumalizia rangi.” Mama alikasirika, akasema labda hatujui kazi. Fedha zile tulizihitaji, lakini kaka hakuugusa. Mwisho mama alikwenda akautazama tena ule mlango ulioungua, akarudi akalipa kazi iliyofanyika.

Wenzangu mnaotamani kazi hii, jueni kwamba fundi hupimwa pia kwa rangi aliyoiacha. Na wenye magari, mikwaruzo mingi hutoka katika kuoshwa vibaya. Vumbi na mchanga wetu ni msasa tosha. Limwagieni gari maji kwanza, na kitambaa kikioshwa kisuuzwe katika ndoo nyingine. Wala msilipeleke ziwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za ukingo, na maji ya ziwa hili ndiyo tunayokunywa.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu