Diski ikianza kufa, usiikarabati: inakili kwanza

Kuna diski zinazokufa ghafla, na kuna zinazoaga kwanza. Leo tuzungumzie hizi zinazoaga, kwa sababu saa chache kati ya kuaga na kufa ndizo huamua kama utabaki na data yako au utabaki na kipande cha chuma.

Mfano ninao nyumbani. Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama 23 huko Thika. Mwaka 2019 nilimwekea Ubuntu kwenye kompyuta yake kuukuu ya mezani, naye akawa anaandika michango yote katika jedwali moja la LibreOffice. Mwaka jana, Ijumaa jioni, alinipigia simu: kompyuta inakataa kuhifadhi faili, inasema ni ya kusomwa tu. Flash ya nakala ilikuwa imepotea tangu Krismasi, na mkutano wa kugawana pesa ulikuwa Jumapili. Michango ya M-Pesa ingeweza kufuatiliwa kwenye simu, lakini ya pesa taslimu ilikuwa kwenye jedwali lile peke yake.

“Mwanangu,” akaniambia, “hawa watasema nimekula.”

Nikamwambia aizime na asiiguse mpaka nifike.

Kwanza tuelewane: ule ujumbe wa “kusomwa tu” haukuwa ugonjwa, ulikuwa dalili. Ubuntu ikikutana na hitilafu kwenye mfumo wa faili huufunga usiandikwe tena, ili uharibifu usienee. Ni kama mtu anayefunga bomba akiona maji yanavuja.

Nilipofika niliiwasha kwa Linux iliyo kwenye flash, ili ile diski isiandikwe chochote. Kisha nikauliza kerneli imeona nini:

dmesg

Ikajibu bila kuficha: “I/O error, dev sda”, tena na tena, pamoja na herufi UNC. Herufi hizo husema kwamba diski yenyewe imeshindwa kusoma sehemu fulani. Hatua ya pili ni kuiuliza diski:

smartctl -a /dev/sda

Programu hii imo katika kifurushi cha smartmontools. Jedwali lake ni refu, lakini tazama mistari mitatu tu. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu. Namba 197 ni sekta zinazotiliwa shaka. Namba 199 ni makosa ya mawasiliano, na ikipanda ovyo, shuku kebo kabla ya kushuku diski. Kwetu 199 ilikuwa sifuri, na 197 ilikuwa 136. Kebo haikuwa na hatia.

Hapa ndipo pana mtego. Ushauri wa kwanza utakaopewa na wengi ni kuendesha fsck. Ndugu msomaji, usifanye hivyo kwenye diski inayokufa! Kazi ya fsck ni kurekebisha mpangilio wa faili, na hurekebisha kwa kuandika. Ukiiandikia diski isiyoweza kushika maandishi, unampa mgonjwa mahututi gunia abebe.

Dawa ni GNU ddrescue. Nilichomeka diski ya nje ya TB 1, nikaingia ndani yake, nikaandika:

ddrescue -n /dev/sda picha.img ramani.map

Hii huchukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka panapokwama. Ile faili ya ramani hukumbuka palipobaki, kwa hiyo hata stima ikipotea unaendelea ulipoachia. GB 320 zilikwisha alfajiri. Nikafungua nakala kwa kusoma tu, nikalitafuta jedwali. Likakataa kufunguka: lilikuwa na tundu katikati.

Tukarudi kwenye zile sehemu ngumu peke yake, kwa majaribio matatu kila moja:

ddrescue -d -r3 /dev/sda picha.img ramani.map

Diski ililia tik-tik mchana kutwa. Shangazi alileta chai mara nne bila kuuliza swali. Saa kumi na moja jioni ilibaki MB 1 na ushee isiyosomeka. Nikafanya nakala ya ile nakala, na hiyo ndiyo niliyoiendeshea fsck. Picha kadhaa za harusi zilipotea kabisa. Jedwali likafunguka, safu zote, majina yote 23. Shangazi akalichapisha mara mbili.

Je, ripoti safi ya smartctl ni dhamana? Hapana. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60, ikilinganishwa na isiyo na kosa. Lakini zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa walizozichunguza.

Kwa hiyo dalili ukiiona, iamini na unakili siku hiyo hiyo. Usipoiona, nakili vilevile, na nakala moja ikae nje ya nyumba. Anza na lile faili moja ambalo likipotea, mtu ataitwa mwizi.