Nilimfuta Aliyebaki na Mgonjwa

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka kadhaa sasa ni mlezi wa kikundi cha walei katika parokia moja ya Kanda ya Ziwa. Kikundi chetu kimeungana na shirika la masista wanaofuata roho ya Mtakatifu Vincent de Paul. Sisi wenyewe si masista. Hatuna nadhiri, hatuishi konventi, tuna ndoa zetu, watoto wetu na biashara zetu. Lakini kila mwaka tunasimama mbele ya altare na kuahidi kuishi karama yao, yaani kuwahudumia maskini wagonjwa huko huko majumbani kwao. Nikiwa na dhamana hiyo, nilimfuta kikundini mama mmoja muuza dagaa kwa kosa la kutohudhuria mikutano, na mikutano alikuwa anaikosa kwa sababu anamuuguza mgonjwa asiye na mtu. Baadaye nikaichukua kazi yake, nikaiandika kwenye taarifa kama kazi ya kikundi.

Naungama hadharani kwa sababu jina lake nililiondoa hadharani. Tena vikundi vya namna yetu vinaongezeka katika parokia zetu, na kosa nililolifanya halihitaji mtu mwovu ili litendeke.

Kisingizio cha kutojua sina. Semina za malezi nilikuwa naziendesha mwenyewe, na somo la kwanza kila mara lilikuwa habari za Châtillon. Mwaka 1617 Vincent alikuwa paroko wa mji huo mdogo wa mashariki mwa Ufaransa. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, akijiandaa kwa Misa, alipata habari kwamba nje ya mji kuna familia ambayo wote wameugua, hakuna wa kumhudumia mwenzake. Akalisema jambo hilo katika mahubiri. Mchana, alipokwenda kuwaona, alikuta njia imejaa akina mama, wengine wanakwenda, wengine wanarudi, wamebeba vyakula. Akaona kuwa huruma ipo tele ila haina mpango: leo wagonjwa watashiba na kusaza, kesho watalala njaa. Siku chache baadaye akawakusanya, wakaanza kupeana zamu, na kabla mwaka haujaisha walikuwa na kanuni yao iliyoidhinishwa.

Akina mama wale walikuwa walei, na hilo nililisisitiza sana darasani. Masista walikuja baadaye. Mabinti wa Upendo, ambao Vincent aliwaanzisha Paris pamoja na mjane Louise de Marillac, walianza tarehe 29 Novemba 1633, miaka 16 baada ya Châtillon. Nilikuwa nawaambia wanakikundi wasijione wageni waalikwa katika karama hii, kwa kuwa walei ndio walioipokea mwanzo.

Kanuni ya Châtillon haiishii kwenye maneno ya jumla, inaingia hadi kitandani kwa mgonjwa. Inamwelekeza mwenye zamu amsalimie mgonjwa kwa uchangamfu, amtandikie kitambaa, amnawishe mikono, amkatie nyama, ambembeleze ale kama ambavyo angembembeleza mwanawe. Kisha inatoa agizo ambalo nililifundisha mara nyingi bila kulitia moyoni: anza na wagonjwa walio na mtu wa kukaa nao, malizia na wale walio peke yao, ili kwao upate kukaa muda mrefu zaidi. Mama muuza dagaa hakuwahi kuisoma kanuni hiyo, kwa kuwa semina nyingi alizikosa. Ila katika kikundi chetu chote, ni yeye aliyekuwa anaitekeleza neno kwa neno.

Mambo yaliharibika mwaka ambao masista walikuwa wanajiandaa kwa jubilei ya shirika lao. Tulitaka tuonekane. Tulichagua kitenge cha rangi inayolingana na shela zao, tukapanga michango ya sare, ya kwaya na ya zawadi ya mama mkuu. Kila Jumamosi alasiri, muda ambao zamani tulikuwa tunagawana nyumba za wagonjwa, sasa tulikuwa tunakaa ukumbini kusoma orodha ya waliolipa na wasiolipa. Ziara za wagonjwa tulizisogeza hadi baada ya jubilei. Pendekezo hilo lilikuwa langu, na hakuna aliyelipinga.

Nikaanzisha na daftari la mahudhurio. Asiyefika mara tatu mfululizo bila udhuru wa maandishi, jina linafutwa. Mama huyo alituma salamu kwa jirani yake zaidi ya mara moja kwamba ana mgonjwa. Nikajibu kuwa kila mtu ana mgonjwa, na utaratibu ni utaratibu. Mchango wa sare pia alikuwa hajamaliza. Jumamosi moja nikalisoma jina lake mbele ya wote, nikalikata kwa kalamu nyekundu na rula, kama nilivyozoea shuleni. Watu walinyamaza. Ukimya wao niliuchukua kuwa heshima.

Wiki ya jubilei ilipofika, masista waliomba kila kikundi kitembelee mgonjwa mmoja na kupeleka zawadi. Mwenyekiti wa jumuiya alitutajia bibi mmoja aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Alikuwa anaishi chumba cha kupanga, na mwanawe yuko Dar es Salaam, anatuma hela kwa simu anapozipata. Tulikwenda na sare zetu, tumebeba mchele, sukari, sabuni na kamera. Aliyetufungulia mlango alikuwa yule mama. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, mikono ina povu, karai la mashuka liko nyuma yake. Alitukaribisha, akatupisha, akamwinua bibi na kumwegemeza kwenye mto ili tumwone. Mgongo wa bibi ulikuwa mkavu, safi, hauna kidonda hata kimoja. Aliyewahi kumuuguza mtu aliyelala muda mrefu anajua maana yake: kuna mtu anayemgeuza mchana na usiku, anayemkausha kila anapojisaidia, anayempaka mafuta mahali mifupa inapokandamiza godoro.

Tulipiga picha. Tuliomba sala. Tukaondoka. Njiani hakuna aliyemtaja, wala mimi sikumtaja.

Hapo bado ningeweza kujirekebisha, lakini niliongeza kosa. Nilipoandika taarifa ya mwaka kwa masista, kwenye kipengele cha huduma sikuwa na cha kuandika. Nikaandika kwamba kikundi chetu kinamhudumia bibi aliyepooza, kwa kumwogesha, kumlisha na kumfulia. Taarifa ilisomwa wakati wa mafungo. Sista mlezi wetu alifurahi mno, akaniuliza tumewezaje kumlinda bibi asipate vidonda. Nikamjibu, "Tunapeana zamu, sista." Ulikuwa uongo mtupu, nami niliusema nikiwa nimevaa medali ya ahadi yangu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake, wakati wa kitubio, nilimweleza padre yote. Aliniuliza kama huyo mama anajua kwamba nimetubu. Nikasema hapana. Akanikumbusha jambo ambalo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalieleza katika namba 2487, kwamba aliyemkosea mtu haki au ukweli ana wajibu wa kulipa fidia hata kama ameshasamehewa. Kwa mtu aliyenyang'anywa heshima yake mbele ya watu, fidia yenyewe ni kuirudisha mbele ya watu wale wale.

Nilimfuata sokoni kwenye meza yake, asubuhi, akiwa anapepeta dagaa kutoa mchanga. Nilimwambia, "Mama, nilikukosea. Nilikufuta ukiwa kazini, halafu kazi yako nikaiita yetu. Naomba unisamehe." Hakuacha kupepeta mara moja. Alimaliza ungo aliokuwa nao, akajifuta mikono, akasema, "Mwalimu, siku ile uliponifuta nililia. Mchango nilikuwa nao, niliununulia mpira wa kumtandikia bibi." Nikakosa la kusema. Kisha akaendelea, "Yamekwisha. Ila Jumanne nakwenda mwaloni, na boti zinachelewa. Ukiweza kumpa bibi uji wa asubuhi, utakuwa umenisaidia."

Jumanne nilikwenda, na alikuwepo kunionyesha kabla hajaondoka. Bibi akae wima kwanza, kidevu kishuke kidogo. Kijiko kisijae. Uji uwekwe upande wa kushoto wa kinywa, ambao una nguvu, kisha usubiri hadi uone koo limepanda na kushuka ndipo uongeze. Kikombe kimoja kilikula karibu saa nzima. Nilikuwa nimefundisha kuhusu karama kwa miaka, na asubuhi ile ndiyo kwanza nilikaa na mtu aliye peke yake mpaka akamaliza kula.

Tangu wakati huo nimejiuliza sana ilikuwaje. Jibu ninaloliona ni hili. Sisi walei tunawapenda masista, na tunatamani kufanana nao. Nadhiri zao hatuwezi kuziiga, kwa hiyo tunaiga kinachoonekana: rangi ya vazi, mpangilio wa mistari kanisani, masifu ya asubuhi, medali. Vitu hivyo si vibaya, na sala nazithamini hadi leo. Lakini vina hatari moja, kwamba vinapimika kirahisi, nami mwalimu wa zamani nilipenda kupima. Aliyelipa nilimwona. Aliyevaa nilimwona. Aliyekuwa chumbani na bibi saa tisa usiku hakuna safu ya daftari iliyomwonyesha.

Historia niliyoifundisha ilikuwa imeshanionya. Vikundi vya Upendo, vilivyoanzia Châtillon, vilipofika Paris, wanawake wa tabaka la juu walijiunga kwa wingi, na baada ya muda baadhi yao wakaanza kuwatuma watumishi wao kupeleka chakula kwa wagonjwa kwa niaba yao. Jina lilikuwa la mama tajiri, mikono ilikuwa ya mtumishi. Ni katika pengo hilo walipotokea mabinti wa vijijini waliojitolea kuifanya kazi wenyewe. Wa kwanza kukumbukwa ni Marguerite Naseau wa Suresnes, mchunga ng'ombe aliyejifundisha kusoma akiwa machungani, na aliyefariki mwaka 1633 baada ya kumlaza kitandani mwake mwanamke mwenye tauni. Shirika la masista lilizaliwa kwa sababu kuna walei walioacha mikono yao nyumbani. Mimi, mlei wa leo, nilikuwa nimerudia kosa la wanawake wale, na kuliandikia taarifa jasho la mwingine.

Kanisa limetuamini sana sisi walei. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulitangaza kuwa wito wa utakatifu ni wa wabatizwa wote. Hati ya Vita Consecrata ya Papa Yohane Paulo II, ya mwaka 1996, ilifurahia kuona mashirika yakiwashirikisha walei karama zao. Sheria ya Kanisa nayo, katika kanuni ya 677, inayataka mashirika yenye vyama vya waamini vilivyoungana nayo yavisaidie kujazwa roho halisi ya familia yao. Neno linalonibana hapo ni "halisi". Masista walitimiza wajibu wao kwetu. Walitupa vitabu, mafungo na muda wao. Mimi ndiye niliyechukua roho yao nikaigeuza kuwa cheo.

Nimefanya niliyoweza kurekebisha. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi, nikaeleza nilivyomfuta, nilivyodanganya katika taarifa, nikamwomba radhi yule mama akiwepo. Niliandika barua kwa sista mlezi kusahihisha taarifa. Niliomba kuachia ulezi, lakini kikundi kiliamua nibaki kwa masharti kwamba ziara za wagonjwa zisiahirishwe tena kwa sababu yoyote, na kwamba nami niwe na zamu kama wengine. Daftari la mahudhurio tumelifunga. Sasa tuna daftari la wagonjwa, na mkutano unaanza kwa swali moja: nani wiki hii hakufikiwa na mtu? Asiyeweza kununua sare hanunui, na hakuna anayemuuliza. Mama muuza dagaa amerudi. Yeye ndiye anayewafundisha wanakikundi wapya namna ya kumgeuza mgonjwa na kumlisha, na mimi hukaa pamoja nao kujifunza.

Yako mambo ambayo toba haikuyarudisha. Wapo wagonjwa wawili waliokuwa kwenye orodha yetu ya zamani, waliofariki katika miezi ile tuliyosogeza ziara ili tukusanye michango. Sijui nani alikuwa nao mwishoni. Ndugu zao nimewaomba msamaha, na majina yao nayataja katika Misa.

Kwenu mnaoongoza walei walioungana na mashirika ya masista, popote mlipo, nawaomba jambo moja. Kabla hamjalifuta jina la mtu kwa kutofika mkutanoni, mfuateni mkaone alipo. Mkimkuta kwa mgonjwa, msimwombe udhuru. Mwombeni awapangie zamu.