Ukuta wa Duka la Mjomba

Herufi ngumu kuliko zote kwa mchora mabango ni C ya kwanza ya Coca-Cola. Mkia wake unatakiwa upite chini ya herufi zinazofuata bila kuzigusa, ukianza mwembamba, ukinenepa katikati, kisha ukichongoka mwishoni. C ya pili nayo ina vituko vyake: kichwa chake kinajikunja na kupenya kwenye tumbo la l. Nilipokuwa najifunza kazi, fundi wangu alikuwa juu ya ngazi pale Mfaranyaki akimalizia ukuta wa mgahawa, na mama aliyekuwa akikaanga vitumbua upande wa pili wa barabara akapaza sauti: "Fundi, huo mkia mbona mfupi? Siyo yenyewe hiyo." Mama yule hakujua kusoma, nasi wote tulilijua hilo. Fundi akashuka, akarudi nyuma hadi katikati ya barabara, akautazama ukuta, akapanda tena ngazi na kuurefusha.

Kwa miaka mingi nimeishi kwa brashi hapa Songea, na kila nikisikia vijana wa masoko kutoka Dar es Salaam wakieleza namna ya "kuwafundisha wananchi chapa", namkumbuka yule mama. Chapa tulizijua zamani. Tulizijua kwa njia zetu, na njia hizo hazikupita kwenye tangazo.

Utotoni mwangu, ukuta wa duka la mjomba kule Lizaboni haukuwa na tangazo lolote. Ulipakwa chokaa, na juu ya mlango likaandikwa jina lake kwa rangi nyeusi iliyobaki kwenye milango. Nani angetangaza, na angetangaza nini? Viwanda vingi vilikuwa vya umma, mali ilikuja kwa mgao kupitia RTC, kampuni ya umma ya biashara ya mkoa, na baada ya vita ya Kagera ikaadimika kabisa. Kuna kipindi watu walifulia majani ya mpapai. Idhaa ya Biashara ya Radio Tanzania ilikuwa na matangazo yake, nasi watoto tuliyaimba yote kwa kichwa, mengine ya vitu ambavyo hatujavigusa. Redio yenyewe ilitegemea betri za National ambazo zikichoka tulizianika juu ya bati mchana kutwa, ili usiku zipate nguvu ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya saa mbili.

Vitu hivyo vya kiwandani tulivifahamu zaidi kwa makopo yake. Kopo la Blue Band lilikuwa la chumvi, au la sindano na vifungo. Kopo la Kimbo lilikuwa la kupimia. Mjomba alikuwa nalo moja juu ya kaunta, limebonyea ubavuni, maandishi yamechujuka yamebaki nusu, na kwa hilo alipima karanga, maharage, hata dagaa. Alikuwa na mzani pia, wa mawe, lakini wateja waliutazama kwa jicho la pembeni. Mzani una fundi wake, na fundi ana njaa. Kopo la Kimbo kila nyumba ilikuwa nalo, na kila mtu alijua karanga zake zinatakiwa kujaa hadi wapi na kilele kiwe cha urefu gani. Mjomba akijaribu kuweka kidole gumba ndani wakati wa kupima, mteja alicheka tu na kumwambia, "Mjomba, toa nyama yako humo." Baadaye nilipofika Dar es Salaam nikakuta wenzetu wana sado, ile ndoo ya lita nne ya rangi ya Sadolin, na nyanya zinauzwa kwa hiyo soko zima. Sijui kama kuna tangazo, hata la gharama kubwa kiasi gani, lililowahi kuaminiwa namna hiyo.

Katikati ya miaka ya 1980 mambo mawili yalitukuta karibu kwa pamoja. Serikali ililegeza biashara, watu wakaruhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao, na lami ya kutoka Makambako ikafika mjini. Malori yaliyokuwa yakikwama Lilondo wakati wa masika sasa yalifika na mzigo mzima. Ghafla duka lilikuwa na aina tatu za sabuni za kuogea, na mwenye duka akahitaji kumwambia mpita njia kwamba anazo. Ndipo kazi yetu ilipopata uhai.

Huo ulikuwa wakati mzuri kuliko wote kwa mchoraji, nasema hivyo nikijua kwamba kila mzee huusifia wakati wake. Hakuna aliyetuletea mchoro. Mteja alikuja na maneno, sisi tukamtafutia sura. Tulivuta uzi uliopakwa chaki kutoka pembe hadi pembe, tukaupiga ukuta, mstari ukatokea. Tukagawa miraba kwa penseli ya seremala. Kisha rangi ya mafuta iliyopunguzwa kwa petroli pale thina ilipokosekana. Matofali ya kuchoma ya Songea yananyonya rangi vibaya, kwa hiyo mkono wa kwanza ni wa kuyashibisha tu. Sehemu ya chini tuliiacha na rangi ya kahawia iliyokolea, maana mvua ikianza udongo mwekundu unarukia ukuta hadi magotini. Fundi wangu alikuwa na kanuni moja: herufi isiyo na kivuli imelala. Basi kila herufi mjini ilikuwa na kivuli, na ukitazama kilikoangukia uliweza kumtambua mchoraji.

Majimaji, timu yetu ya mpira tunayoiita Wanalizombe, walipotwaa ubingwa wa nchi 1985, wakautwaa tena 1986, kila kinyozi alitaka mchezaji wa Wanalizombe ukutani mwake. Tuliwachora wengi, wote wana misuli kuliko walivyokuwa nayo, na mmoja kati ya wawili tulimnyoa kwa mtindo ambao kinyozi mwenye ukuta alikuwa akiuuza. Baa moja ya Bombambili ilitaka chupa ya bia yenye macho na miguu, imekaa kitini imekunja nne. Kampuni ya bia haikuwa na habari. Chupa ile ilidumu hadi baa yenyewe ilipovunjwa, na watu waliitumia kuelekezana njia.

Kisha kampuni zenyewe zikaja. Bia za TBL zilipata wenye hisa wapya kutoka Afrika Kusini mwaka 1993, sigara zikafuata mkondo huohuo miaka miwili baadaye, na wenye soda nao wakachangamka. Magari yenye spika yakaanza kuzunguka, yakigawa kofia na fulana, yakisimama kwenye viwanja vya shule na kuwachezesha watoto. Mabwana wa masoko walikuja na stensili za bati na karatasi yenye namba za rangi. Nyekundu haikuwa tena nyekundu ya dukani, ilikuwa na namba. Kivuli kikapigwa marufuku.

Mjomba alikuwa wa kwanza Lizaboni kupakiwa ukuta mzima bure na kampuni ya soda, na sijawahi kumwona amefurahi vile. Aliwaita majirani. Jina lake lilikuwepo, juu pembeni, kwenye kisanduku cheupe. Nilipima mwenyewe kwa shubiri, shubiri moja na vidole viwili, wakati nembo ilikuwa ndefu kumzidi mtu. Nikamuuliza kama ameridhika. Akaniambia, "Mwanangu, jina langu wanalijua. Hiyo nyekundu inaonekana toka stendi." Kwa hesabu ya biashara alikuwa sahihi. Mimi nilichokiona ni kwamba kuanzia siku ile wageni waliulizia duka jekundu, na wenyeji tu ndio walioendelea kusema kwa mjomba.

Jambo la kuchekesha ni kwamba redio iliyoota mizizi hapa kwetu wakati huohuo haikuwa na tangazo hata moja. Radio Maria ilianzia Songea mwaka 1996, na Radio Maria popote ilipo duniani haichukui matangazo ya biashara, inaishi kwa michango ya wasikilizaji. Shangazi yangu alikuwa akiiweka tangu alfajiri. Dukani kwa mjomba, chini ya nembo ya soda, ilikuwa rozari asubuhi nzima.

Lakini wazito wa kuta walikuwa bado hawajafika. Simu za mkononi zilipoingia mikoani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hazikutaka ukuta mmoja, zilitaka nyumba. Tulipaka nyumba pande zote nne, kuanzia msingi hadi ukingo wa bati, na ukisimama Matogoro ukitazama mjini uliweza kuhesabu nani ana nyumba ngapi. Kulikuwa na hela, sikatai. Tuliopaka Celtel tulirudi kwenye ukuta uleule 2008 kuweka Zain, ile nembo yenye rangi zinazojizungusha iliyotutoa jasho, na kabla haijachakaa tukarudi mwishoni mwa 2010 kuweka Airtel. Bibi mmoja wa Msamala, mwenye nyumba, alitupokea mara ya tatu kwa kuuliza hawa watu wanatafuta kitu gani hasa. Alikuwa anaongea na wanawe kwa laini ileile, namba ileile, na kwake bado ilikuwa Celtel.

Mwaka 2011 Vodacom nao wakatoka kwenye bluu wakaenda kwenye nyekundu. Kwa mchoraji hiyo ilikuwa neema nyingine. Kwa mwana Yanga ilikuwa balaa. Nyekundu ni ya Simba, na Vodacom ndio waliokuwa wadhamini wa ligi, maana yake nembo nyekundu ilitakiwa ikae kwenye jezi ya kijani na njano. Yanga wakagoma. Mabishano yakaenda mbali, hadi nembo kwenye jezi zao ikawekwa kwa rangi nyeusi. Fikiria kampuni imetumia fedha nyingi nchi nzima kubadili rangi, halafu wenye klabu ya Jangwani wanasema kwetu sisi hapana, na kampuni inakubali.

Hapa kwetu mgogoro ulikuwa na matawi yake. Wakala mmoja wa M-Pesa, Yanga wa damu, alikubali kibanda chake kipakwe nyekundu kwa sababu ya biashara, lakini upande wa ndani, anapokaa yeye, akanilipa kutoka mfukoni mwake niupake kijani. Wateja wa Simba waliokuja kutoa fedha walichungulia dirishani na kumzomea. Foleni ilikuwa ndefu kwake kuliko kwa wakala jirani. Ubunifu wa matangazo ukiniuliza mimi, ni ule, na hakuna ofisi iliyoubuni.

Baada ya hapo kazi ikaanza kukauka, na sina mengi ya kusema juu yake. Mabango ya kuchapisha kwa mashine yakaja, yale ya turubai la plastiki, unatuma picha kwa simu asubuhi na jioni linafika na basi. Bei yake ilikuwa chini ya gharama ya rangi yangu. Sigara zilikuwa zimekwisha kubanwa na sheria ya tumbaku ya 2003. Ada za mabango zikawatisha wenye maduka, hasa 2017 ukusanyaji wake ulipohamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA. Wengine wakaniita niwafutie majina yao kwa chokaa. Gridi ya taifa ilipofika 2018, tukaachana na jenereta na mgawo wake, na vinyozi wakaanza kuweka vibao vya taa zinazotembea. Vinatembea hadi usiku wa manane hata kama duka limefungwa.

Novemba 2024 Tigo wakawa Yas. Zamani habari kama hiyo ingenipatia kula ya miezi kadhaa. Safari hii vijana walikuja na gari lililobeba mabango yaliyokwisha chapwa, wakabandua ya bluu, wakabandika, wakaondoka. Sokoni mpaka leo watu wanakwambia nitumie kwa Tigo Pesa, na fedha inafika.

Kazi yangu ya mwisho yenye maana imetoka kwa mpwa wangu, mtoto wa dada, anayekaanga kahawa ya Mbinga nyuma ya nyumba yao Mjimwema na kuiuza kwa simu. Alianza kwa kuifunga kwenye mifuko ya kaki, anaandika uzito kwa kalamu ya wino. Mwaka huu ametaka kuipeleka kwenye maduka makubwa Dar es Salaam, na kule hawapokei kitu bila alama ya TBS na msimbomilia, ule unaoanza na 620. Akaniomba nimchoree jina. Nikamchorea kwa mkono, kwa kivuli, kikianguka kushoto chini. Mtu wa kompyuta akakitoa kivuli, mpwa wangu akamrudishia na kumwambia akirudishe.

Pakiti zimetoka nzuri, zinang'aa. Tatizo limekuwa wateja wake wa hapa. Wanaishika, wanaigeuza, wanamuuliza kama ile ya kaki imeisha, na kama hii nayo ni yeye anayeikaanga. Wawili wamemwambia wazi kwamba hii itakuwa ya kiwandani. Kwa hiyo amegawa mzigo: zinazong'aa zinapanda basi la Dar es Salaam, na za Songea ameendelea kuzifunga kwenye kaki, kahawa ni ileile, ila za kaki anaziuza ghali zaidi kidogo, na hakuna aliyelalamika.