Jiko la Mavyaa

Karibu na mji wa Orlando, Marekani, katika bustani za burudani za Walt Disney World, ipo hoteli iliyofunguliwa mwaka 2001 kwa sura ya Afrika. Twiga na pundamilia huonekana kutoka vyumbani, na mkahawa wake wa fahari umepewa jina la lugha yetu: Jiko. Binamu yangu aliyekula humo alinisimulia vyakula vya pande nyingi za bara letu, na mvinyo tele wa Afrika Kusini. Yeye aliagiza samaki na maji.

Lakini kwetu jiko ni mahali pa kupikia, na mwanamume akioa husemwa amepata jiko. Mimi niliyetoka Mombasa kuolewa Mukurweini nimelijua neno hilo upya kwa mavyaa wangu, ambaye si Mwislamu. Kabla sijafika, alinunua sufuria na kisu, akavitenga, visiguse nyama isiyo halali. Nilipojifungua alinipikia njahi, fiwi nyeusi wapewazo wazazi huku, kama kwetu mzazi apewavyo uji wa pilipili manga. Nami siku ya Idi hupika pilau katika sufuria ile ile, tukala naye pamoja na majirani.

Enyi mama wenzangu, binti zetu waolewapo bara, tuwausie waeleze mapema, kwa adabu, wanachokula na wasichokula. Wala wasiyadharau mafiga ya wakwe zao. Huenda hapo wametengewa chungu tayari.