Chacaltaya: Kiwanja cha Ski Kilichopotea

Chacaltaya ni mlima wa Bolivia wenye urefu wa mita 5,421, kiasi cha kilomita 30 kutoka jiji la La Paz. Kwa miongo kadhaa ubavu wake ulikuwa na kiwanja cha ski kilichohesabiwa kuwa cha juu kuliko vyote duniani. Nyumba ya wanaski ilijengwa kwenye mita 5,300 hivi, juu zaidi ya Kibo Hut, wanakopumzika wapandaji wa Kilimanjaro kabla ya kukikabili kilele.

Waanzilishi walikuwa wanachama wa Club Andino Boliviano. Walichonga barabara ya kona kali hadi karibu na kilele, na mwaka 1939 wakafunga mtambo wa kuvuta watu, wa kwanza Amerika Kusini, ukiendeshwa kwa injini ya gari. Kamba ndefu ya chuma ilizunguka mfululizo kutoka chini ya mteremko hadi juu. Kila mtu alikuwa na ndoano yake ya chuma. Aliitia kwenye kamba inayokimbia, akaburutwa juu akiwa amesimama kwenye ski zake. Hakukuwa na kiti. Aliyeanguka njiani ilimbidi anyanyuke mwenyewe, katika hewa yenye oksijeni karibu nusu ya ile ya pwani, na kwenye nyumba ya wanaski alipozwa kwa chai ya majani ya koka.

Barabara ile ilizaa jambo ambalo wanaski hawakulitarajia. Mwaka 1947 mwanafizikia Mbrazili César Lattes alipeleka Chacaltaya sahani za picha ili zinase miale itokayo angani. Alama zilizoonekana humo zilithibitisha kuwapo kwa chembe iitwayo pioni, na kazi hiyo ikachangia Tuzo ya Nobeli ya mwanafizikia Cecil Powell ya mwaka 1950. Bila barabara ya ski, vifaa vile visingefika kwa urahisi.

Barafu yenyewe waliyoteleza juu yake wanaski ilikuwa ndogo tangu mwanzo, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Katika milima ya tropiki ya Bolivia theluji huanguka wakati wa mvua, kati ya Desemba na Machi, ambao ndio pia wakati wa joto. Mvua zikichelewa, kama inavyotokea miaka mingi ya El Niño, barafu hukosa tabaka jeupe la kurudisha mwanga wa jua. Hubaki wazi, chafu na nyeusi, na mawe yaliyoizunguka huiongezea joto. Barafu kubwa huweza kustahimili miaka mibaya miwili mitatu. Ya Chacaltaya haikuwa na akiba hiyo.

Watafiti wa Bolivia na Ufaransa walianza kuipima mwaka 1991. Kati ya 1992 na 1998 ilipoteza theluthi mbili za ujazo wake. Edson Ramírez, mtaalamu wa barafu wa La Paz, alikadiria kuwa ingedumu hadi 2015. Miamba ilichomoza katikati ya mteremko, barafu ikagawanyika vipande, na mtambo wa 1939 ukakosa pa kuwavutia watu. Kipande cha mwisho kiliisha mwaka 2009, miaka sita kabla ya makadirio. Maabara ya miale ya anga inaendelea kufanya kazi mlimani, na barabara bado inapandisha wageni.