Paniri ya pilipili: kutoka Tangra hadi jikoni kwa Mama

Mama ana presha. Nilipomuaga nikienda Kolkata, mashariki mwa India, kwa mafunzo ya wiki mbili, aliniambia nimletee chochote isipokuwa kitu cha chumvi. Nikarudi na pishi lenye chumvi kuliko yote niliyokula huko.

Nililionja kwanza Tangra, mtaa wa Wachina. Wahakka kutoka kusini mwa China waliishi hapo wakitengeneza ngozi. India na China zilipopigana mwaka 1962, wengi wenye asili ya China walikamatwa na kupelekwa kambi ya Deoli, Rajasthan. Baadaye familia nyingi zilihamia Kanada, na mahakama ikaamuru viwanda vya ngozi vihamishwe nje ya mji. Baadhi ya waliobaki wakashika karai. Hata jina la chombo halikunipa shida: wenyeji huliita korai.

Chakula chao ni cha Kichina kilichokubali pilipili ya Kihindi. Kwa kuwa Wahindi wengi hawali nyama, kuku wa pilipili akapata mbadala wake: paniri, jibini nyeupe isiyoyeyuka hata ikikaangwa.

Mama mwenye nyumba niliyofikia, niliyemwita Mashi, yaani mama mdogo kwa Kibengali, ndiye aliyenifundisha. Chemsha maziwa lita mbili, zima moto, tia maji ya limau kidogo kidogo mpaka yakatike. Chuja kwa kitambaa safi, kandamiza kwa kitu kizito saa moja. Kata vipande vidogo, vigaragaze kwenye konflawa, kaanga viwe vya dhahabu, epua. Kwenye karai la moto mkali kaanga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na hoho kwa dakika mbili tu, maana hoho ikilegea umeshaharibu. Tia sosi ya soya, siki, na konflawa kijiko kimoja kilichokorogwa kwa maji. Ikizito, rudisha paniri, nyunyiza majani ya kitunguu.

Mashi hakupima soya, mimi nilihesabu. Vijiko vitatu vikubwa! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kijiko kimoja kikubwa cha soya ya kawaida kina zaidi ya gramu 2. Hapo sijataja sosi ya pilipili ya chupa, nayo ina chumvi yake. Afadhali paniri ya nyumbani haiwekwi chumvi kabisa.

Jumapili niliyorudi nilipika kwa watu wanne. Soya kijiko kimoja, chumvi hakuna, tangawizi mara mbili, limau mwishoni. Watoto wa dada niliwatolea paniri yao kabla sijatia pilipili mbuzi, na ya mdogo wa miaka miwili nikaisagasaga kwa uma, maana vipande vya paniri vinaweza kumkaba.

Mama alionja, akanyamaza, akaonja tena.

"Mwanangu, hiki umekipunguza nini?"

"Hakuna, Mama."

Akala sahani yote, akaomba ya pili. Kisha akainuka kwenda jikoni kutafuta chupa ya soya. Nilikuwa nimeshaificha nyuma ya gunia la mchele.